Matumbawe kwa simu, nikiwa Kisugu

Leo nimekuwa mkalimani wa safari niliyoshushwa.

Mnaikumbuka kozi yetu ya matumbawe ya baharini, ile ya kisiwani Kenya? Mwezi mzima nimewafundisha wenzangu kuogelea, pale bwawani Bugolobi, hapa Kampala. Darasa zima, aliyekulia ziwani ni mimi peke yangu, Mkongomani.

Juzi tumeshakaa kwenye basi, mwalimu akatazama kitambulisho changu cha ukimbizi.

"Nnyabo, dada yangu, na hiki mpakani hupiti. Shuka."

Eti alisahau kuniombea kibali. Alisahau!

Nikashuka, miwani ya kuogelea shingoni.

Sasa asubuhi hii namsuka mteja hapa Kisugu, simu inalia. Ni mwalimu, kutoka kisiwani. Nahodha wa boti anaongea Kiswahili tu, na wao hawamwelewi.

"Nnyabo, tusaidie kidogo."

Banange! Na mimi nikasaidia.

Nahodha akauliza, "Nani kati yenu ni mwogeleaji hodari, atangulie majini?"

Nikawatafsiria.



Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie hatukuja naye."

Nyinyi mngejibuje?

Mimi nilimwambia nahodha, "Yuko Kampala, baba. Anasuka nywele."