Pistoni Iliyokataa Kukaa

Sisi tuliokulia Makongeni, siku zile nyumba zikiwa za reli, hatukuhitaji saa ukutani. Honi ya karakana ililia alfajiri, akina baba wakatoka na ovaroli zao za buluu, nasi tukajua uji uko tayari. Jioni ikilia tena, wavulana waliacha gololi zao za bano vumbini, wasichana tukakunja kamba ya mpira ya bladha, kila mmoja akakimbilia mfereji kunawa miguu kabla baba yake hajakanyaga kizingiti. Mtoto wa siku hizi ukimwambia akaoge, anakuuliza kwanza kama maji yamepashwa moto. Omena ikikaangwa nyumba moja ilinuka safu nzima, na mama alikuwa akituambia, "Ukinusa chakula cha jirani, mpelekee salamu."

Baba yangu, Mzee Barasa, alikuwa na pikipiki. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ya Kiingereza, tangi lake limechorwa mistari ya dhahabu. Kila asubuhi alimpakia nyuma Baba Akinyi, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, kwani wote wawili walifanya kazi karakana. Baba Akinyi aliketi wima kama anayepigwa picha, mkoba wa chakula mapajani. Tuliwakimbiza hadi kona, tukikohoa moshi na kucheka. Mtaani ikajulikana hivyo: Barasa ana pikipiki, Baba Akinyi hubebwa. Akinyi, rafiki yangu wa kuruka bladha, watoto wakambandika jina, Binti wa Lifti. Alicheka pamoja nao, ila baada ya muda akaacha kuja kukimbia nasi hadi kona.

Baba zetu wote wawili wametangulia. Pikipiki ilibaki kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama, imefunikwa gunia, kuku wakiitagia mayai. Mwaka huu ikaja ilani ya kuhama, kwamba nyumba zile zitabomolewa zijengwe ghorofa. Ndugu yangu Wekesa akasema tuwaite watu wa vyuma chakavu. Mama, aliyekuwa anafunga vyombo vyake ahamie kwangu mtaa wa Pipeline, hakubishana. Alisema tu, "Baba yenu hakuiingiza hapa kwa mkokoteni."

Mimi niliyachukua maneno hayo kama amri. Pikipiki ile ingetoka Makongeni ikinguruma.

Kazi yangu ni ya cherehani. Injini sikuijua mbele wala nyuma. Nikaipeleka kwa Fundi Njoroge, mwenye gereji karibu na Soko la Burma, mahali ambapo huwezi kufungua boliti bila kumezea mate nyama inayochomwa. Alipofungua alikuta pistoni imepasuka ubavu. Tukasoma jina na mwaka kwenye karatasi za pikipiki, tukamwagiza muuza vipuri vya zamani, naye akatuletea pistoni kutoka ng'ambo. Ilipofika, Njoroge aliitumbukiza kwenye silinda, ikacheza kama kijiko ndani ya sufuria.

Tukaagiza nyingine, ya aina ileile, kubwa kidogo. Nayo ikacheza.

Siku za kuhama zilikuwa zinakaribia. Njoroge akanishauri kwa upole tuweke injini mpya ya boda, akaniahidi itawaka siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa boda aliyekuwa akisubiri kubadilishiwa mnyororo akachungulia akasema, "Madhe, hiyo si ya makumbusho? Piga picha uweke kwa simu, story iishe." Nilimwambia picha haitoki kibandani ikinguruma. Akacheka, akarudi kwa mnyororo wake, ambao alikuwa anaubadilisha kwa mara ya pili mwezi huo.

Nyumbani usingizi haukunijia haraka. Mteja akija kwangu na kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, nampokea vizuri, lakini bado namzungushia utepe. Karatasi hainenepi, mtu hunenepa. Sasa kwa nini niliiamini karatasi ya pikipiki?

Nilirudi gereji na mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, nikauliza kama injini yenyewe haina alama. Njoroge akasema ipo, imegongwa kwenye chuma chini ya silinda, ila grisi ya miaka imeifukia. Nikainama nikasugua hadi mgongo ukalalamika. Herufi zikatokea, kisha nambari. Tukasugua na shingo ya fremu, mahali penye nambari yake. Njoroge alitazama huku, akatazama kule. Pikipiki za kiwanda hicho, akanieleza, fremu na injini huanza na herufi zilezile. Hizi hazikufanana. Injini ilikuwa ya pikipiki nyingine, dada mkubwa wa ile yetu.

Nilimkuta mama akikunja mablanketi. Nikamuuliza injini ile ilitoka wapi.

"Ni ya Baba Akinyi," akasema, bila kuacha kukunja.

"Mama, na muda huu wote nahangaika?"

"Ulikuwa unawauliza watu wa gereji. Mimi hukuniuliza."

Ndipo akaketi akanisimulia. Kabla sisi hatujapata akili, Baba Akinyi alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, yenye nguvu kuliko ya baba. Lori likamgonga Jogoo Road. Fremu ilipinda isinyooke tena, na mguu wake haukupata tena nguvu ya kupiga kiki ya kuwashia. Msimu uleule injini ya baba ikapasuka. Mmoja akabaki na injini isiyo na mwili, mwingine na mwili usio na injini. Jumapili moja walitoka kanisani, wakavua makoti, wakashika spana, na jua lilipotua pikipiki ilikuwa moja. Hawakumtangazia mtu, maana siku hizo watu wazima hawakuwaeleza watoto mambo yao.

Sasa tulijua tunatafuta nini. Njoroge aliipima silinda juu, katikati na chini, akagundua iliwahi kuchongwa ikapanuliwa. Tulipokwangua masizi kwenye kichwa cha ile pistoni iliyopasuka, tukakuta alama ya ukubwa uleule. Nikampelekea muuza vipuri herufi za injini na vipimo vyetu, nikakataa kumtajia jina wala mwaka. Kifurushi kilifika tukiwa tumeshaondoa mapazia ya mama. Pistoni iliingia bila kucheza, na pini yake ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba. Njoroge alifuta mikono, akaomba chai.

Siku ya kuhama nilimwita Akinyi kutoka mtaa wa Umoja, bila kumwambia sababu. Pikipiki, ambayo Njoroge alikuwa ameirudisha kibandani, ilikataa, ikakohoa, kisha ikawaka, na majirani waliobaki wakatoka milangoni. Nikamvuta Akinyi kando nikamweleza yote.

"Kwa hivyo baba hakuwa anabebwa," akasema.

Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, akasikia. "Walikuwa wanabebana," akamwambia.

Akinyi akaniomba aketi mbele. Kuendesha hajui. Aliketi tu, mikono kwenye usukani, injini ya baba yake ikitetema chini yake, na hakuna aliyemharakisha. Kisha Njoroge akaitoa Makongeni, nasi tukafuata na lori la vyombo.

Huku Pipeline pikipiki ni nyingi kuliko miti, kila moja na mnyororo wake na kufuli lake. Vijana wana kila kitu, na kikiharibika hununua kingine. Sijasikia wawili wakiunganisha vyao. Nasi watu wazima si bora kuliko wao. Mlango unaotazamana na wangu nimeupita miaka mingi. Jina la anayekaa humo nimelijua juzi tu, aliposhuka ngazi na kandambili zake kuniuliza ile sauti nzito ilikuwa ya nini.