Taa Saba kwa Taa Tatu

Ruksa ilipoingia na bidhaa za nje zikaruhusiwa, vitu tulivyokuwa tukiviona kwenye majalada ya kaseti vilianza kushuka kwenye malori pale Mikumi. Dereva mmoja wa njia ya Zambia alishusha amplifaya mbili za gita, kuukuu, ndogo za kubebeka kwa mkono mmoja, zile zenye taa za kioo ndani kama redio za zamani. Bendi yetu ilitoka Kilosa, ikiishi kwa harusi na kipaimara, na mimi ndiye niliyepiga gita la solo. Aliyepiga ridhim, gita la kusindikiza, alikuwa mdogo kwangu, kijana wa kununua kitu bila hata kukigeuza.

Mimi niligeuza. Nilichungulia mgongo wa kila amplifaya nikahesabu taa, nikahesabu tena. Moja ilikuwa na saba, nyingine tatu. Nikaiponda ile ya taa saba mpaka dereva akaionea aibu. Nikaondoka, akaniita, akaniachia kwa bei ya ile ya taa tatu.

“Hiyo nyingine muuzie huyu,” nikamwambia. “Yeye hana maneno mengi.”

Kijana akacheka, akalipa alichotajiwa.

Siku hizo mwenye gesti tuliyokuwa tukipigia muziki Mikumi alipata wateja wapya, madereva wapenzi wa roki nzito, ile ambayo gita linanguruma kama msumeno ndani ya gogo bichi. Akataka tupige wimbo wa namna hiyo kila Jumamosi. Kiongozi wetu akasema mbele ya wote kwamba atakayeutoa huo mngurumo ndiye atakayepiga solo.

Tulijaribu mchana, uani kwa gesti. Nilianza mimi, sauti nikaifungua hadi mwisho. Ikatoka kubwa, nyororo, safi. Nikacharaza kwa nguvu zaidi; ikazidi kuwa safi.

“Inafaa kanisani,” mpiga besi akasema.

Kijana akachomeka. Sauti hakuifungua hata nusu. Noti ya kwanza ilitoka nene, imechanika, ikabaki hewani ikinguruma yenyewe huku yeye anajikuna shingo. Nilitamani taa yake moja iungue. Moja tu.

Nikaomba nichomeke gita langu kwake. Likanguruma vile vile nilivyolisikia kichwani miaka yote. Hapo ndipo roho iliponiuma sawasawa, maana kama lingekataa ningepata la kusema.

Kiongozi akachungulia mgongo wa yangu. “Taa zako nyingine ni za mwangwi na za kutetemesha sauti. Na hizi mbili kubwa zina nguvu, hazizidiwi. Ya mwenzako inazidiwa mapema, na huko kuzidiwa ndiko kunakonguruma.”

“Tubadilishane,” nikamwambia kijana. “Saba kwa tatu. Hesabu mwenyewe.”

“Nimehesabu, kaka.”

“Nakuongezea spika.”

“Kaka, ondoka kidogo, kama unavyowafanyia wenye maduka. Nikikuita, rudi.”

Niliondoka kweli, nikaburuza miguu hadi getini. Hakuniita.

Jumamosi ile amplifaya yangu ilisogezwa kando, jirani na ngoma, nami nikapiga ridhim. Madereva walisimama upande wa kijana, glasi mkononi, wakitikisa vichwa. Niliwapigia akodi zangu huku macho yangu yakiwa kwenye vidole vyake, nikimtafutia makosa. Nilipata mawili. Hakuna mwingine aliyeyasikia.