Mama Pindo Ajifunza Kuandika Maneno ya Wengine

Kiwandani walimwita Mama Pindo kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa moja tu, kupinda ncha za mashati. Alikaa cherehani ya nne, laini ya tatu, mgongo kwa dirisha, na kwa siku alipinda mashati mia nne bila kuinua kichwa. Mtu wa namna hiyo watu humdhani mpole. Wapi! Alikuwa kimya tu, na kimya na upole si ndugu hata kidogo.

Mdogo wake, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, alikuwa upande wa pasi ya mvuke, ile mashine kubwa inayofumba juu ya shati kama mdomo. Vali yake ilikuwa inavuja. Binti alimwambia msimamizi Jumatatu, akamwambia Jumatano, akamwambia tena Ijumaa asubuhi. Ijumaa mchana vali ikafyatuka, na mvuke ukamla mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Sasa kiwanda kile kilikuwa na desturi yake, na ubaya wote ulianzia hapo. Mkurugenzi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kwa hiyo ajali ikitokea, mhusika aliitwa chumbani kwa msimamizi, akaeleza kwa Kiswahili, msimamizi akaandika kwa Kiingereza kwenye fomu ya maelezo, kisha akaigeuza fomu na kusema, "Tia sahihi hapa." Hakuna aliyesoma. Wengi hawakujua Kiingereza, na anayejua kidogo akisoma alionekana anamtilia shaka mkubwa wake. Aliyesitasita aliambiwa, "Kengele imelia, mama, usitucheleweshe." Watu walimbandika msimamizi jina la Bwana Sahihi na kulicheka sana, maana walikuwa hawajaungua bado.

Mdogo wake alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Wiki ya pili akapewa barua ya kufukuzwa kazi kwa uzembe. Mji ule una viwanda vinne vya nguo, na vyote huomba barua ya kiwanda ulikotoka. Binti alikwenda kote, bandeji ikiwa bado mkononi, na kote walimrudisha kwa adabu. Akawa fundi hodari anayefua nguo za majirani, na watu wakipita huambiana, "Ndiye yule aliyekuwa anachezea mashine."

Mama Pindo aliichukua nakala ya fomu, ile ya kaboni yenye wino wa buluu uliofifia, akaiweka chini ya godoro. Jumamosi iliyofuata akajiandikisha masomo ya Kiingereza.

Walisomea kwenye darasa la shule ya msingi, alasiri, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu aliyeweka chaki mifukoni badala ya sigara. Aliwauliza mmoja mmoja wanataka Kiingereza cha nini. Huyu alitaka kazi ya hoteli, yule alitaka kuwasomea wajukuu. Mama Pindo akasema, "Nataka kujua mtu mmoja aliandika nini."

Alisoma kwa uchungu, na uchungu ni mwalimu mkali kuliko mwenye fimbo. Mwezi wa saba wakafika kwenye usemi wa taarifa. Mwalimu akaeleza kwamba mtu akisema jambo leo nawe ukalisimulia kesho, "mimi" yake inageuka "yeye", "leo" yake inakuwa "siku ile", na kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. Halafu akagonga ubao.

"Na msiandike 'said' kila mahali kama jikoni kuna chumvi tu. Kuna 'complain', kulalamika. Kuna 'warn', kuonya. Kuna 'deny', kukana. Kuna 'admit', kukiri." Akawageukia. "Hivi vitenzi vya kusema ndivyo vinavyomwambia msomaji amwamini nani. Vitumieni kwa haki."

Mama Pindo alirudi nyumbani akaitoa ile fomu. Safari hii ilisomeka, na hivi ndivyo ilivyosema juu ya mdogo wake. Alikiri kwamba mashine ilikuwa nzima. Alikiri kwamba alikuwa akicheza. Alikiri kwamba alikuwa ameonywa na msimamizi. Mwishoni, aliomba radhi. Binti aliyeonya mara tatu amegeuzwa kuwa ndiye aliyeonywa! Mama Pindo alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma. Hakumtakia kifo, kwani kifo ni cha mara moja. Alimtakia akae kwenye kiti kile kile, aeleze, na mwingine ashike kalamu.

Jumamosi ile mwalimu alimkuta ameandika neno "admitted" ukurasa mzima, akamuuliza kulikoni, naye akamweleza.

"Hasira hasara, mama," mzee akasema.

"Mwalimu, hasara nilishapata. Iliyobaki ni hasira tu."

Akangoja. Kiwanda kilipounda kamati ya usalama kazini, walitafuta katibu anayeandika Kiingereza, na miongoni mwa mafundi hakukuwa na mwingine. Bwana Sahihi mwenyewe alimpa mkono. "Hongera, mama. Sasa umekuwa msomi kama sisi." Mama Pindo akashukuru, akaenda bombani akanawa mkono ule kwa sabuni.

Mwaka ulipogeuka, vali ile ile ikafyatuka tena saa ya chakula. Hakuumia mtu, lakini mashati mia tatu ya oda yaliharibika, na mkurugenzi akapiga kelele za kusikika getini. Safari hii aliyetakiwa kutoa maelezo ni msimamizi. Sheria ilikuwa kwamba mtu haandiki maelezo yake mwenyewe. Karani wa ofisi alikuwa likizo ya uzazi. Akabaki katibu wa kamati.

Jioni ile Mama Pindo alibeba fomu nyumbani, akaitandika mezani pembeni ya ile ya zamani, akaandika maelezo ya mtu ambaye hajafungua kinywa. Hakutunga. Alinakili sentensi za Bwana Sahihi mwenyewe, moja baada ya moja, akabadili tu mwenye kusema na kosa lake. Alikiri kwamba mashine ilikuwa nzima. Alikiri kwamba aliiacha ikiwaka akaenda kula. Alikiri kwamba alikuwa ameonywa na ofisi. Aliomba radhi. Hajawahi kupinda shati kwa uangalifu kama ule. Usiku alilala usingizi mzito ambao hakuupata tangu ajali.

Asubuhi wakakaa chumbani, wawili tu, ila viti vimebadilishana watu. Msimamizi alikuwa amepungua, kola imemzidi shingo. Mama Pindo akaiinamia fomu iliyokwisha kujaa, akaikinga kwa mkono wa kushoto, na kalamu akaichezesha juu ya karatasi chakavu.

"Eleza, bosi."

"Vali ile mbovu tangu mwaka juzi," akaanza. "Niliwaambia ofisini. Wakasema tumalize oda kwanza, mashine itatengenezwa baadaye. Nikanyamaza, nina watoto." Akajifuta uso. "Na yule mdogo wako, mama. Hakucheza. Aliniambia mara tatu. Niliambiwa niandike vile, nikaandika. Liandike na hilo, tafadhali. Nimechoka kulibeba."

Kalamu haikusimama. Masikio ya Mama Pindo yalisikia kila neno, lakini moyo ulikuwa umeshafika getini, unamtazama mtu yule akitoka na barua yake. Alichojali ni kwamba msimamizi anatetemeka. Akafurahi.

"Umeandika yote?"

"Yote." Akaigeuza fomu, kiganja kimeyafunika maandishi. "Tia sahihi hapa, bosi. Kengele imelia."

Mtu aliyetoka kutubu hasomi. Akatia sahihi.

Mkurugenzi aliisoma fomu ile akaipenda, na kwa nini asiipende? Mashine nzima, ofisi haina kosa, mwenye kosa amekiri mwenyewe. Kabla ya saa tisa Bwana Sahihi alikuwa getini, barua mkononi, akipaza sauti kwamba hakusema vile, haki ya Mungu hakusema vile. Walinzi wakamjibu, "Si umetia sahihi?" Mtenda akitendewa huhisi kaonewa! Laini ya tatu nzima ilisimama dirishani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu, saa za kazi, Mama Pindo aliinua kichwa akatazama nje mpaka aliposhiba.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi kama msichana. Mdogo wake alikuwa uani na beseni la nguo za watu, anasugua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia tu.

"Dada, mbona unang'aa hivyo?"

Akamsimulia. Alimwigiza mtu yule alivyojifuta uso, sauti yake ilivyokatika, walinzi walivyomcheka. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji yenye maji.

Kisha kicheko kikamwisha, akauliza taratibu, "Na mimi? Hakunitaja hata kidogo?"

Mama Pindo akafungua kinywa. Hapo ndipo maneno ya asubuhi yalipomrudia, yote, kwa mpangilio wake: hakucheza, aliniambia mara tatu, liandike na hilo. Yalikuwa maneno pekee duniani yaliyoweza kumsafisha mtoto huyu, na yalisemwa mbele ya mtu mmoja mwenye kalamu. Sasa mezani kwa mkurugenzi kulikuwa na fomu mbili zenye miandiko miwili tofauti, na zote mbili zilisema mashine ni nzima. Kuyarudisha maneno yale kungemlazimu aende kesho kusema kwamba ameandika uongo, na yule mtu aitwe arudi kazini. Akajaribu kuiona picha hiyo, Bwana Sahihi akiingia tena getini. Hakuweza. Mungu amsamehe, hakuweza.

"Hapana," alisema. "Hakukutaja."

Mdogo wake akatikisa kichwa polepole. "Nilijua tu. Mtu yule hana moyo," akasema, akauzamisha mkono wake mzima kwenye beseni, akavuta shati lingine.