Zamu Yetu ya Supu

Mume wangu Mfaume ukimkuta ardhini ni mtu wa kawaida kabisa, tena mvivu hata wa kubeba ndoo ya maji. Ila mpandishe kwenye foklifti uone. Kontena linaokotwa, linazungushwa, linakaa juu ya lenzie taratibu, utadhani mtu anapanga vyombo kabatini. Alianza kama kuli kwenye yadi ya makontena Kurasini, akawa anawachungulia madereva wanavyofanya, akajifunza, hadi akakabidhiwa mashine yake. Na kila jioni lazima anihadithie alichobeba. Mie namenya vitunguu, naitikia ehee, ehee, hata kama sisikilizi.

Sasa mwaka huu wakapimwa afya pale yadini. Presha ya Mfaume ilikuwa juu mpaka daktari akampima upya, akidhani kipimo kimeharibika. "Huyu mashine hapandi," akasema. Wakampa dawa na miezi mitatu: apunguze chumvi, mafuta na kitambi, kisha arudi apimwe. Presha ikishuka anarudishiwa foklifti. Kwa sasa wakamweka getini, aandike namba za malori; isiposhuka atabaki hukohuko moja kwa moja. Siku hiyo aliporudi nyumbani hakunihadithia chochote. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akawa anaviangalia. Niliumia jamani. Nyumba bila hadithi za makontena niliiona kubwa, na sie tunaishi vyumba viwili.

Wifi yangu Mwanakombo, yule wa Kinondoni anayependa mambo ya kwenye simu, akanitumia vyakula vya afya alivyovikuta huko mtandaoni. Samaki wa nchi za baridi, lozi, mafuta ya zeituni. Nikampigia. "Wifi, mgonjwa ni kaka yako au ni balozi?" Nikabeba kikapu changu nikaenda soko la Temeke Stereo, nikarudi na matembele, kunde, boga, dagaa na unga wa dona. Vyakula vile vile vya bibi yangu, na hela ikatosha. Chapati nikazipiga marufuku, chumvi nikaificha kwenye sanduku la nguo. Kazini akawa anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Halafu mwenyewe akajiunga na klabu ya mchakamchaka ya mtaani, hawa wanaokimbia Jumapili alfajiri wamevaa jezi za rangi moja, wanaimba mpaka mnaamka wote. Nikasema afadhali.

Lakini kitambi hakitikisiki! Wiki zinakwenda, mkanda uko tundu lilelile. Jumapili anarudi ana furaha zake, chai hataki. "Nimeshiba maji, Mama Shaima." Mie namwonea huruma, nasema masikini, mazoezi yanamkata hamu. Siku moja nafua jezi yake, nikaona doa la njano kifuani. Nikalinusa. Ndimu, pilipili na mafuta ya kongoro, miguu ya ng'ombe! Jasho la Mfaume mie nalijua, halijawahi kunukia vile.

"Baba Shaima, hebu njoo hapa. Hili ni jasho la nani?"

Akaliangalia doa, akaangalia mlango. Akaona nimeuziba. "Supu," akasema.

"Supu gani?"

"Tukimaliza kukimbia tunapitia kwa mwenye zamu. Si chakula, Mama Shaima, ni ya kuondolea uchovu tu."

"Na chapati?"

"Ya kusindikizia."

Nilicheka kwa hasira. Yaani nahangaika wiki nzima kumpunguza mtu, Jumapili asubuhi wenzie wananirudishia kama alivyokuwa! "Kwani huna mdomo wa kukataa?" Akaichukua jezi, akaanza kuifikicha mwenyewe, nami ndo nikaelewa. Wenzie hakuwaambia kitu. Kwao bado ni Mfaume wa foklifti. Akikataa supu ya mtu itabidi aeleze, na akieleza watajua kwamba anashinda getini na kalamu. Kisha, kama vile hayo hayatoshi, akamalizia, "Halafu Jumapili ijayo zamu ni yetu."

Mnajua ubaya wa zamu? Kwenye klabu yao, ukiandaa ovyo huambiwi, unaimbwa. Mwimbishaji ni Azzam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani, na huyo mdomo anao. Kuna mama supu yake ilikuwa nyepesi, wakampitisha mtaa mzima: "Ng'ombe kapita, ng'ombe kapita, sufuriani hakuingia!" Watoto wakawa wanauimba wakienda shule. Kwa hiyo nilijua kinachonisubiri. Kongoro sikununua. Waniimbe mpaka sauti ziwakauke, mume ninaye mmoja.

Jumapili ikafika, nikawasikia tangu kona ya msikiti, vumbi na makofi. Jezi za kijani zikajaa uani. Wakanawa, wakakaa mkekani, wakatega pua. Nikafunua masufuria: kunde za nyanya na vitunguu, matembele, boga la kuchemsha, dagaa chukuchuku, uji wa dona. Wakatazamana kama wako msibani. Azzam akainamia sufuria la mwisho, akachungulia.

"Shemeji, nyama imechoka kukimbia, au iko nyuma inakuja?"

Ua zima likaangua kicheko. Mie nimeshika upawa, mdomo tayari uko wazi kumchamba, na kuchamba naweza. Lakini Mfaume akasimama.

"Jamani, mke wangu msimcheke. Mie siendeshi tena. Nina presha. Nakaa getini naandika namba za malori. Zimebaki wiki chache wanipime, isiposhuka ndo basi tena, mashine yangu..." Hapo akageukia ukuta, akajifuta uso na jezi. Nimeishi na Mfaume tangu hatuna hata kitanda, sijawahi kumwona amefika pale mbele za watu. Nikatamani niwafukuze wote.

Azzam akavuta sahani, akajipakulia kunde, akaongeza matembele, akatafuna muda mrefu. "Mie vidonge vyangu vya presha nimevificha kwenye kopo la misumari dukani," akasema bila kumtazama mtu. "Mke wangu hajui."

Basi! Kila mtu akawa na lake. Huyu sukari, yule miguu inavimba, mwingine aliambiwa apunguze uzito akahama zahanati. Watu wazima na akili zao, wanakimbia kila Jumapili, kisha wanaifuata presha nyumbani kwa mtu na kuiomba iongezwe ndimu! Masufuria niliyaosha matupu siku ile.

Wiki iliyofuata wakapita na wimbo mpya: "Kwa Mama Shaima, kunde! Kwa Mama Shaima, boga!" Nikatoka mlangoni nikawasonya, huku moyoni nacheka. Na zamu ya Azzam ilipokaribia, mkewe Mahfudha, mtu mpole huyo hata hodi yake huisikii vizuri, akaja kuniuliza kunde naziloweka tangu usiku au vipi. Nikamkaribisha ndani, nikamwonyesha. Mkanda wa Mfaume nao ukaanza kuhama matundu, majirani wakaniuliza kama anaumwa. Nikawajibu ndiyo, sasa hivi anapona.

Siku ya kupimwa aliondoka bila hata kuniaga vizuri. Mie nikakaa uani nachambua mchicha, jani moja nalichambua, nalirudisha, nalichambua tena. Simu haiiti. Adhuhuri ikaadhiniwa, haiiti. Nikasema tayari, wamemnyima, na nikaanza kupanga maneno ya kumpokelea mtu aliyenyimwa. Sikuyapata.

Ikaita.

"Haloo? Baba Shaima? Wamesemaje?"

Kwenye simu kunanguruma tu, chuma kinagonga chuma, mtu anapiga mluzi kwa mbali.

"Mfaume! Mbona husemi?"

"Unaisikia?" akaniuliza.

Nilikaa palepale chini, juu ya mchicha wangu, nafuta machozi kwa kanga.

"Naisikia," nikamwambia. "Haya kata simu wewe, si unaendesha!"