Usingizi Aliomwombea Mumewe

Alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimjua kwa misumari aliyobana midomoni huku akiongea kama kawaida. Mumewe alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kwa kuwa ukuta wake haukuinama hata kidogo, na yeye mwenyewe hakuinama kwa mtu.

"Wewe unawajengea watu," mkewe alizoea kumtania, "lakini wanaowakalisha ni sisi."

Homa ya mapafu ilimkuta Timazi kazini. Alijikaza kisabuni mpaka siku aliyoshushwa jukwaani hana pumzi. Hospitalini alipitishwa mpira kooni, mashine ikawa inampumulia, na pampu ndogo kando ya kitanda ikamtilia mshipani dawa ya usingizi ili aweze kuvumilia.

Kila asubuhi muuguzi aliifunga pampu hiyo kwa muda. "Tunataka aamke kidogo, mama. Tujue kama akili yake iko sawa, na kama anaweza kuanza kuvuta pumzi mwenyewe."

Asubuhi ya kwanza aliamka kweli. Alikohoa bila sauti, akataka kuung'oa mpira, lakini mikono ilikuwa imefungwa kitandani kwa kitambaa laini. Machozi yakamtiririka hadi masikioni. Akamkazia mkewe macho. Mke huyo, ambaye hakuwahi kumwona akilia tangu waoane, alimgeukia muuguzi.

"Sista, mlaze! Nakuomba, mlaze!"

"Mshike mkono, mama. Mwambie yuko wapi, huenda akatulia."

"Huoni anateseka? Angekuwa mumeo je?"

Timazi alikuwa akishindana na mashine, nayo ikapiga kelele. Daktari akaja mbio, akaagiza dawa irudishwe na kipimo kiongezwe. Kesho yake mambo yakawa yale yale: macho, machozi, maombi ya mke, dawa. Kila alipolala tena, uso wake ulitulia kama wa mtu aliyetoka kazini, na mkewe akarudi nyumbani amepata nafuu ya moyo.

Kisha figo zikagoma. Daktari akaifunga pampu moja kwa moja, wakasubiri aamke. Hakuamka. Wakamwita, wakamfinya kucha, wapi! Siku iliyofuata pia akabaki vile vile.

Mdogo wake Timazi alikuja akajaribu utani. "Huyu bwana tangu utotoni kumwamsha ni kazi ya ukoo mzima. Mama alikuwa akimmwagia maji." Hakuna aliyecheka. Walipotoka nje koridoni, sauti yake ikabadilika. "Shemeji, nasikia wewe ndiye uliyekuwa ukisema alazwe. Haya, amelala. Umeridhika?"



Daktari aliwaketisha katika chumba kidogo chenye kalenda ya mwaka uliopita. Akaeleza kwamba dawa ile huingia kwenye mafuta ya mwili na kujikusanya humo, kisha hurudi kwenye damu kidogo kidogo hata baada ya pampu kufungwa. Figo ndizo zilizopaswa kuyatoa mabaki yake, nazo sasa hazifanyi kazi.

"Kama sponji iliyonyeshewa," mke alisema taratibu. "Juu unaishika kavu. Ukiikalia, unanyanyuka umelowa."

"Ndivyo hasa, mama."

"Ataamka?"

"Sijui. Pengine ni dawa tu. Pengine ubongo ulikosa hewa kabla hajaletwa. Dawa isipokwisha mwilini siwezi kutofautisha."

"Na niliyeomba ni mimi."

"Uliomba, na sisi tukaongeza. Tungeweza kukukatalia."

Maneno hayo hayakumpunguzia kitu. Alirudi kukaa kando ya kitanda, mchana baada ya mchana, akimsimulia mumewe habari za wateja wasumbufu, mpaka alipoona kope zinacheza.

Timazi aliamka vibaya. Hakumtambua mkewe. Macho yalikimbia darini kama anayefuata wadudu, kifua kikapanda na kushuka, mikono ikavuta vitambaa mpaka kitanda kikatikisika.

"Mama, daktari ameniruhusu kumpa kidogo atulie," muuguzi alisema. "Ila tukianza tena, sijui tutatoka lini."

"Mpeni!" mdogo wa Timazi, aliyekuwa amekuja kumwona, alilia, amegeukia ukutani. "Mpeni, jamani, siwezi kumtazama!"

Mke naye hakuweza. Mwili mzima ulimtaka aseme kama alivyosema mwanzo. Badala yake aliukamata mkono wa mumewe.

"Mwacheni. Baba watoto, uko hospitali. Mpira ni wa kukusaidia. Mimi hapa."

Timazi alimtazama kama mtu anavyomtazama askari jela. Kucha zake, zilizoachwa zikarefuka, zikazama kwenye nyama ya mkono wa mkewe. Damu ikachuruzika.

"Nichukie tu," alimwambia, "lakini pumua."

Mashine ikalia. Muuguzi akasogea na kuizima kengele, akaangalia namba, akaiacha pampu imefungwa.

"Shemeji," mke alisema bila kugeuka, "geuka uje huku. Mshike mkono huo mwingine."