Sijda Aliyokatazwa Bi Ghalia

Hafidha binti Mwinyimvua ana chumba chake mtaa wa Dunda, kizuri tu, chenye pazia jipya, lakini ukitaka kumkuta humo ubahatishe. Kazi yake ni kukaa na watu waliotoka kupasuliwa. Mgonjwa akiruhusiwa hospitali, Hafidha anaitwa. Anahamia kwa watu na kifurushi chake, anaogesha, anasafisha kidonda, anamshika mtu akienda chooni. Mgonjwa akianza kusimama mwenyewe, basi, kifurushi kwapani, kwaheri. Baadaye hao hao waliomlilia mikononi wakikutana naye sokoni humwamkia haraka haraka wakapita. Hafidha hawalaumu. Aliyekuona ukilia chooni si mtu wa kusimama naye upige soga mbele ya genge la nyanya.

Mwenyewe hajui kutulia. Hukaa kwenye ncha ya kiti, na kifurushi hakifungui chote. Lakini wahka alioupata nyumbani kwa Bi Ghalia ulikuwa wa peke yake.

Bi Ghalia ni mama yake Adil, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akapelekwa Dar, akawekewa nyonga ya chuma. Daktari alikataza asiiname, asikunje nne, asikae chini. Nyonga ikichomoka itabidi arudi kupasuliwa, na moyo wake, kwa ulivyohangaika mara ya kwanza, hautahimili mara ya pili. Daktari aliwaambia hayo Adil na Hafidha kwa kunong'ona, na Bi Ghalia akasikia kila neno, maana masikio hayakupasuliwa.

Tabu ni kwamba bibi huyu alikuwa ameweka nadhiri. Alipokuwa akisukumwa kuingizwa chumba cha upasuaji alimwahidi Mola wake kwamba akitoka hai, ataweka paji la uso chini kumshukuru. Akatoka hai.

"Bibi, kwenye kiti inatosha," Hafidha alimwambia. "Sheikh ameshasema uashirie kwa kichwa."

"Sheikh hakuweka nadhiri. Niliyeweka ni mimi."

"Mungu anaijua nyonga yako."

"Na ahadi yangu anaijua. Unataka nife nayo shingoni, mwanangu?"

Hafidha akamrekebishia mto wa kiti. Naye ni mtu wa kuswali, naye anamwogopa Mungu, na kumzuia mtu mzima asisujudu kulimkaa vibaya moyoni. Lakini kila alipotaka kulegea aliiona ile nyonga imechomoka na Bi Ghalia anarudishwa Dar asikorudi tena.

Basi adhana ikilia tu, Hafidha anashtuka. Anaacha mchuzi motoni, anaacha nguo kwenye beseni, anakimbia kusimama nyuma ya kiti cha bibi. Misala yote aliikunja akaipandisha juu ya kabati. Yeye huswali baadaye, peke yake, mbio mbio, sikio liko chumba cha pili. Alijisuta mwenyewe: swala gani hii, ya mtu anayesikiliza vishindo?

Siku moja mchana wakaja wageni kumtazama mgonjwa, na kwa watu hawa mgonjwa hatazamwi na mtu mmoja. Walijaa ukumbi mzima, na vitumbua na marashi yao, wakiongozwa na Bi Mardhiya, shoga wa Bi Ghalia wa tangu usichana. Wakakaa mpaka alasiri ikaadhiniwa. Bi Mardhiya akataka waswali jamaa hapo hapo, na misala ikashushwa.

"Mimi nitaswali baadaye," alisema Hafidha.

"Baadaye gani?" Bi Mardhiya alimkazia macho. "Unamlinda nani, na sisi sote tuko hapa?"

Hafidha aliona haya. Aliogopa kusemwa na wageni kuliko alivyomwogopa daktari, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Akasimama mwisho wa safu, ubavuni mwa kiti cha Bi Ghalia.

Wakarukuu, wakainuka. Safu iliposhuka kusujudu, Hafidha akashuka nayo. Magoti yanagusa msala, akaona kwa pembe ya jicho Bi Ghalia anaachia kiti na kuanza kuteremka. Hafidha aliikata swala yake akaruka. Alimdaka kiunoni kabla goti halijafika chini, akamrudisha kitini, wote wawili wanahema.

Wenzao waliendelea mpaka wakatoa salamu. Hapo Bi Mardhiya akamgeukia. "Umemkatia mtu swala yake! Huogopi wewe?"

"Naogopa," alisema Hafidha. "Tangu niingie nyumba hii naogopa."

Bi Ghalia alikuwa akilia bila sauti, mtandio umemwanguka mabegani. "Sijda moja tu, mwanangu. Nilitaka moja tu. Nitamwambia nini?"

Hafidha alimkasirikia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Akamfuta machozi, akamfunika mtandio. Kisha akauvuta msala mpaka ukagusana na mguu wa kiti.

"Usiiname hata kidogo," alisema. "Teremsha mkono tu, uuweke mgongoni kwangu. Kushuka nitashuka mimi. Kushukuru shukuru wewe."

"Itafaa?"

"Sijui, Bibi. Mimi si sheikh."

Akashuka, paji la uso likagusa msala. Kiganja kikaja mgongoni, kwanza chepesi, kisha kizito. Bi Ghalia akaanza kushukuru kwa sauti: kwa pumzi, kwa mwanawe Adil, kwa madaktari mmoja mmoja, kwa chuma kilichomo mwilini mwake, hata kwa uji wa asubuhi. Na Hafidha, huko chini, aligundua kwamba hasikilizi kishindo chochote. Alijua bibi yuko wapi. Mkono wake ulikuwa hapo.

Muda ukapita. "Ghalia," Bi Mardhiya alinong'ona, "mwachie mwenzio ainuke."

"Bado," alisema Bi Ghalia.

Hafidha naye hakujitikisa.