Kaka Yangu Anajilaumu kwa Kifo cha Baba, Kumbe Ni Mimi Niliyemfukuza kwa Ajili ya Samaki

Admin, jina langu usilitaje, maana nusu ya ukoo wetu iko kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Lodwar. Kaka yangu mkubwa anaumwa sana, na kwa miaka zaidi ya ishirini na tano amekuwa akiamini kwamba yeye ndiye alimuua baba yetu. Si kweli. Ni mimi, na hakuna mtu nimewahi kumwambia, hata marehemu mume wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya usafi katika ofisi moja ya misaada Kakuma, na mzungu mmoja fundi wa maji alikuwa na tangi dogo la kioo lenye samaki kumi na mmoja, wadogo kama kidole, mikia myekundu, walioletwa kutoka Nairobi. Alipomaliza mkataba wake aliniachia. Alinifundisha vizuri: maji ya bomba yakae wazi kwa ndoo siku nzima ili dawa itoke, usibadilishe maji yote kwa mara moja, chakula ni kiasi cha kushika na vidole viwili tu, na joto likizidi zungushia kioo gunia lililolowa. Niliporudi kuishi Lodwar niliwabeba kwa ndoo nyuma ya lori, na hakufa hata mmoja. Jamani, niliringa. Jirani yangu, mama Msomali wa duka, alikuwa akinicheka, "Wewe Mturkana gani, ng'ombe yako nalala ndani ya maji?" Nilimwambia na wewe njoo ukamue.

Halafu Apa akaja, yaani baba. Wezi wa mifugo walikuwa wamempitia huko upande wa Kapedo wakasomba mbuzi wote, hawakumwachia hata wa kuchinja. Alikuja na fimbo yake na kigoda chake, basi. Mzee asiye na mnyama hajui afanye nini na mikono yake. Siku ya kwanza aliuliza kama samaki hao wanaliwa, na nilipomwambia ni wa kuangalia tu, alichukua kigoda chake akaenda kukaa nje. Kesho yake nilimkuta amekaa mbele ya kioo. Keshokutwa vilevile. Baada ya wiki alikuwa amewapa majina, majina ya mbuzi wake.

Siku moja akaniambia, "Huyu mwenye doa ni mgonjwa. Amejitenga na wenzake." Nikamwambia, Apa, hao si mbuzi. Lakini alikuwa amesema kweli. Joto la wiki ile lilikuwa kali, mimi nilikuwa nawahi kazini, gunia sikulilowesha, na samaki walikuwa wamezubaa juu ya maji wakitweta. Niliona na nikapuuza, hilo nalo niliseme.

Nilirudi jioni nikakuta wote wanaelea, maji meupe kama uji mwepesi. Apa alikuwa amesimama hapo na mkono umelowa mpaka kiwikoni. Alikuwa amenunua bonge la magadi sokoni akalitumbukiza ndani. Akanieleza polepole, kama mtu anayeeleza mtoto: mbuzi akizubaa unampa magadi alambe, anapata nguvu. Na maji ya ziwa letu yana magadi, na samaki wa kule wananona. Hebu niambieni, ni nani angempinga?

Mimi sikumpinga, nilimtukana. Nilimwambia, "Mbuzi wako uliwamaliza, sasa umekuja kumaliza na wangu. Wewe si mchungaji, wewe ni mkosi." Nilisema hivyo kwa baba yangu mzazi. Aliokota samaki mmoja mmoja kwa kiganja, akaenda kuwafukia nyuma ya nyumba. Nami nikapika, nikala, nikalala na hasira zangu.

Asubuhi hakuwepo. Nilidhani ameenda sokoni. Siku ya tatu watu wa lori walimkuta kando ya barabara ya Kainuk, amelala chini ya mti wa miiba, kiu imemmaliza.

Sasa, kaka yangu alikuwa Kainuk, na alikuwa ameahidi kuja kumchukua Apa Jumamosi ya kabla ya hapo. Lori likaharibika, hakuja. Kwa hiyo kwenye mazishi kila mtu alisema mzee alichoka kungoja mwanawe, akaamua kumfuata kwa miguu. Kaka alilia mbele ya watu, akasema, "Ningekuja ile Jumamosi angekuwa hai." Nilikuwa nimesimama karibu yake kabisa. Nilimshika bega tu.

Tangu hapo pombe ndiyo ikawa mke wake. Mke wa kweli aliondoka. Sasa ini limeisha, na daktari ametuambia tumrudishe nyumbani. Mwezi uliopita nilienda kumwona, akaita watoto wake akawaambia, "Huyu shangazi yenu ndiye alimtunza babu. Mimi ndiye nilimuua." Nikamwambia nyamaza, kunywa uji.

Nikimwambia, labda atakufa akinichukia, na watoto wake watajua mimi ni nani. Nikinyamaza, anazikwa na dhambi yangu. Najidanganya kwamba ninamhurumia, lakini ukweli ni kwamba nimezoea kuitwa mtoto mwema. Nimejaribu mara mbili, mdomo ukagoma.

Nyinyi mlio na akili zilizotulia, nisemesheni, hata mkinitukana nitasoma. Jumapili naenda tena Kainuk. Sijui kama nitamkuta akiwa bado anasikia. Nikimkuta, nianze na neno gani?